Namna ya kulitumia neno "rueful" usije ukaumbuka kama mimi

Nilifundisha Kiingereza kwa miaka 22, mingi Lindi na michache ya mwisho hapa Mtwara, kisha nikastaafu na kufungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Chuno. Sisemi hivyo kwa kujitapa. Nataka tu ujue kwamba aliyeiharibu barua ninayotaka kuisimulia hakuwa mtoto wa kidato cha pili.

Alikuja mama mmoja aliyefiwa na kaka yake. Marehemu alikuwa na rafiki Mwingereza, mzee waliyefanya naye kazi zamani, na familia ilitaka apewe taarifa. "Mwalimu, niandikie Kizungu cha heshima," akaniambia. Nami nikataka aone kwamba hela yake haiendi bure. Nikaanza: "It is with rueful hearts that we inform you..." Neno hilo nililiokota kwenye hadithi fulani miaka ya nyuma, likaninogea, na kamusi ndogo iliyokuwa mezani ilisema ni "enye huzuni". Basi. Huzuni ipo, neno lipo, barua ikatumwa kwa baruapepe.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Mzee wa watu katoa pole ndefu, nzuri, halafu mwishoni kauliza kwa adabu kabisa: je, kuna jambo lolote katika kifo cha rafiki yake ambalo familia inajilaumu kwalo?

Mama akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole. "Hapa chini anauliza nini, Mwalimu?"

"Anatoa pole," nikamjibu.

Usiku ule nilimwandikia yule mzee kwa jina langu, nikamweleza kwamba familia haina la kujilaumu, kosa ni la mchapaji. Na wakati naandika nilijikuta nacheka peke yangu huku natikisa kichwa, kama mtu aliyejikwaa kwenye kigoda alichokiweka mlangoni mwenyewe. Kicheko kile ndicho "rueful". Barua yenyewe haikuwa "rueful" hata kidogo.

Kwa hiyo nianzie kwenye kicheko hicho hicho. Ndani yake kuna majuto, hilo ni wazi. Lakini si majuto ya kulia. Kuna pia kujua kwamba mkono wako umo: ulisema, ulikataa kusikia, ulichelewa, ulijifanya mjuaji. Na juu ya hayo kuna chembe ya kuchekesha, kwamba ukijitazama kwa mbali unaona kituko. Kiswahili cha mtaani kina sentensi zake za hali hii. Mtu anakwambia, "Wee acha tu, ndugu yangu," midomo ikivuta upande mmoja. Au, "Nimeyataka mwenyewe." Akisema hivyo bila kulia na bila kutukana, huku anajicheka, hapo Mwingereza anatoa neno lake mfukoni.

Nikupe mtu ninayemfahamu vizuri, jirani yangu, mkulima wa korosho. Kwa asiyetoka huku: korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka kwenye chama chake cha msingi, zinakwenda ghalani, kisha mnadani. Lakini kabla msimu haujafunguliwa, njaa ikibana au tamaa ikibana, kuna watu wanapita kununua kwa siri kwa bei ya chini, na biashara hiyo tunaiita kangomba. Imepigwa marufuku na bado kila mmoja anajua nyumba ya kwenda. Mwaka 2018 jirani yangu aliuza magunia yake mawili kwa kangomba. Hakuwa na mgonjwa, hakuwa na ada ya mtoto. Alitaka redio, ile yenye spika kubwa na ya kuchaji, asikilize mpira. Akainunua. Mwezi wa Novemba mwaka huo tumekaa barazani kwake, redio inaunguruma, tukasikia Rais Magufuli ametangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Nikamtazama. Yeye alikuwa anaitazama redio. Hakusema neno. Akanyoosha mkono taratibu, akapunguza sauti, akafuta vumbi juu ya spika kwa kiganja, halafu pembe moja ya mdomo ikapanda. "Mwalimu," akasema, "hii redio ina sauti nzuri, eh?"

Ukitaka kulielewa neno hili, usiende kwenye kamusi kwanza. Mkumbuke huyu bwana na redio yake. Kwa Kiingereza ningeandika: "He gave the radio a rueful smile." Maana yake, aliitazama redio akatabasamu lile tabasamu la mtu anayejua ni nani aliyemwingiza hasara. Angekuwa ameuza kwa sababu mtoto anaumwa, tabasamu lile lisingekuwepo, na neno lingekuwa jingine. Angekuwa amelaghaiwa, angekuwa na hasira, na neno lingekuwa "bitter". Lakini alijilaghai mwenyewe, kwa kitu cha anasa, na kitu hicho hicho ndicho kilichomletea habari. Ukipata sehemu moja tu ya hayo, neno linapwaya.

Kipimo ninachowapa vijana wa tuisheni jioni ni kimoja: je, mwenye jambo anaweza kujicheka? Asipoweza, acha neno. Ndiyo maana msiba wa yule mama haukulipokea. Hapo kijana mmoja aliwahi kunibana. "Mwalimu, mbona msibani watu wanacheka? Mtani akija si anafanya vituko mpaka mfiwa anacheka?" Hoja nzuri sana hiyo, na inanifaa kuelezea. Mtani anachekesha kutoka nje. Anamtukana marehemu, anadai deni lake, anazuia jeneza, na kicheko kinachotoka ni cha kuondolewa mzigo. Mfiwa hajichekei kosa lake. Kicheko cha "rueful" hakina mtani. Aliyekosea na anayecheka ni mtu mmoja.

Sasa matumizi. Neno hili halipendi kukaa juu ya mtu mzima mzima. Linapenda kukaa usoni, mdomoni, kichwani. Waingereza wanasema "a rueful smile", "a rueful grin", "a rueful laugh", "a rueful look", "a rueful shake of the head". Hizo tano zikariri kama zilivyo na hutakosea. "Grin" ni tabasamu la kuonyesha meno. "A rueful shake of the head" ni kule kutikisa kichwa polepole, ambako huku kwetu mara nyingi kunaambatana na kupiga kiganja juu ya kiganja. Unaweza pia kuliweka kwenye maneno yanayotoka kinywani: "a rueful admission", mtu anapokiri kwamba kweli, alikosea, na anakiri kwa kujicheka.

Kusema mtu mwenyewe ni "rueful" inawezekana, ila weka "about" na utaje jambo lenyewe: "She was rueful about missing the ferry." Yaani alijicheka kwa majuto kwa kuachwa na pantoni. Usiseme "rueful for" wala "rueful of". Na usiishie "She was rueful" bila kueleza kwa nini, maana msomaji atabaki anangoja, kama abiria wa pantoni ya Msangamkuu na tiketi yake mkononi.

Kielezi chake ni "ruefully", na kusema kweli ndicho utakachokikuta mara nyingi zaidi kwenye hadithi. Kinakaa baada ya kitenzi cha kusema au cha kutenda: "I should have listened to my wife," he said ruefully. "Ningemsikiliza mke wangu," akasema, na hapo unasikia kicheko kidogo kabla ya nukta. Kinakaa vizuri pia na "smiled", "laughed", "admitted", "shook his head". Hakikai na vitenzi vya kazi ngumu. Mwanafunzi aliniandikia "He dug the grave ruefully", nikacheka mpaka nikasahau kusahihisha. Nomino "ruefulness" ipo, ni sahihi, ila sijawahi kuihitaji.

Hapo hapo nimalize tahajia na matamshi, maana ndiko wengi wetu tunakojikwaa. Linaandikwa r-u-e-f-u-l, "l" moja mwishoni, kama "useful" na "careful". Likigeuka kielezi zinakuwa "l" mbili. Usiidondoshe "e". Katika kutamka, sisi tumezoea kusoma kila irabu iliyoandikwa, na ndivyo Kiswahili kinavyotaka, kwa hiyo mtoto akiliona anasoma "ru-e-ful", silabi tatu. Waingereza wanatamka silabi mbili tu: "ruu" ndefu yenye mkazo, kisha "ful" nyepesi inayomezwa. Sehemu ya kwanza ukiiongezea "f" mwishoni inasikika sawasawa na "roof", lile paa la nyumba. Kijana mmoja alisikia hivyo kwenye imla akaandika "roofful smile". Nilipomuuliza akasema ni tabasamu la mtu aliyemaliza kuezeka bati. Sikumlaumu. Mwenye bati jipya hutabasamu kweli, ila si kwa majuto, labda ajue bei aliyopigwa.

Kuhusu lilikotoka, sitakaa sana, ila kuna mambo mawili yanayosaidia kukumbuka. Ndani yake kuna "rue", kitenzi cha zamani sana cha Kiingereza chenye maana ya kujuta, ndugu wa neno la Kijerumani "Reue", majuto. Kitenzi hicho bado kipo hai, hasa katika msemo "rue the day": "He rued the day he sold his land", aliijutia siku aliyouza shamba lake. Lakini angalia jambo la ajabu: kitenzi hakina kicheko. "Rue" ni majuto mazito, hata ya kutishia, kama mtu anayekwambia utajuta. Ni "rueful" iliyolainika. Zamani nayo ilikuwa nzito, ikimaanisha pia kitu cha kusikitisha au mtu wa kuhurumiwa, na ndiyo maana katika baadhi ya tafsiri za Kiingereza yule Don Quixote wa riwaya ya Mhispania Cervantes anaitwa shujaa wa "Rueful Countenance", mwenye uso wa huzuni. Ukikutana nalo kwenye kitabu cha karne zilizopita, usilazimishe kicheko. Ukikutana nalo kwenye kitabu cha leo, kitafute.

Jambo la pili: "ruthless", katili, asiye na huruma, linatoka ukoo huo huo. Palikuwa na nomino "ruth", huruma au masikitiko, ambayo leo karibu imekufa, ikabaki ndani ya kinyume chake. Haina uhusiano na Ruth wa kwenye Biblia, ambaye jina lake ni la Kiebrania. Na kuna mmea unaoitwa "rue", wenye majani machungu, ambao jina lake limetoka kwenye Kilatini "ruta" na halihusiani na majuto. Waingereza wenyewe wamekuwa wakiyachezea maneno hayo mawili kwa karne nyingi. Shakespeare anamfanya Ophelia augawe mmea huo ndani ya tamthilia ya Hamlet. Inatosha.

Twende kwenye maneno yanayofanana nalo, kwa sababu kosa langu la barua lilikuwa hapo. Kama ni huzuni ya msiba, andika "sad", "deep sorrow", "great sadness", na barua rasmi ya taarifa ya kifo inaanza "It is with great sadness that..." Hiyo ndiyo niliyopaswa kuiandika. Kama ni majuto ya kawaida yasiyo na kicheko, "regretful". Kama mtu amemuumiza mwenzake na dhamiri inamsuta, "remorseful". Hilo ni la mahakamani na la kitubio. Dereva wa bodaboda aliyemgonga mtoto kwa mwendo kasi akiwa "rueful", watu watamshukia, na watakuwa na haki. Lazima awe "remorseful".

"Wistful" linawachanganya wengi kwa sababu nalo lina uso wa kutazama mbali. Lakini hilo ni hamu ya kitu kilichopotea au kisichofikika, bila kosa lako. Mfano wangu ni wa Lindi. Kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, wakaipeleka Berlin, na mmoja wao, mrefu kupita nyumba yoyote ya mtaani kwetu, amesimamishwa huko makumbusho mpaka leo. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi picha yake. Msichana mmoja akaitazama kwa muda mrefu akasema, "Kumbe wetu, Mwalimu?" Uso ule ni "wistful". Siyo "rueful", maana yeye hakumsafirisha mtu. Na akikasirika, ana neno jingine pia.

Lakini linalogombana kweli na "rueful" ni "sheepish". Nimewaona hata walimu wenzangu wakiyabadilishana. Ndani yake kuna kondoo, na lina sura ya kondoo: macho chini, mabega ndani, tabasamu la aibu. Tofauti ni hii. "Sheepish" ni mtu aliyefumwa. Anahitaji macho ya watu. Mtoto uliyemkuta na kijiko ndani ya sukari, mwanamume aliyerudi sebuleni kafunga vifungo vya shati upande upande. "Rueful" hahitaji mtu yeyote kumwona. Jirani yangu na redio yake angekuwa peke yake usiku wa manane angetabasamu vile vile. Kuna nyakati mtu anakuwa yote mawili, na hapo chagua: unataka kuonyesha aibu mbele za watu, au hesabu anayoipiga na nafsi yake?

Niliona yote mawili ndani ya dakika tano pale Feri, sokoni kwa samaki. Mama mmoja wa kukaanga samaki aliwahi kununua kolekole kwa bei ya juu, kwa haraka, akiogopa wataisha. Mwenzake alimwambia, "Dada, subiri, bado kuna boti mbili." Hakusubiri. Boti mbili zikaingia zimejaa, na bei ikaporomoka hapo hapo, tumesimama. Kwanza alimgeukia mwenzake akashika mdomo kwa ncha ya kanga, macho chini: "sheepish". Mwenzake akaenda kununua wake. Yule mama akabaki peke yake, akalitazama beseni lake, akamgeuza samaki mmoja ubavu kama anayemuuliza jambo, akacheka kwa pua, akatikisa kichwa: "rueful". Ningekuwa na ubao pale ningefundisha.

Sasa swali analoniuliza kila mwenye akili: vipi jambo kubwa? Lazima liwe dogo ndiyo lichekeke? Kwa siku ya kwanza, ndiyo. Lakini muda hupunguza uzito. Chukua mradi wa karanga wa Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaanza kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na huku kusini Nachingwea. Walileta matrekta, wakapanga bandari ya kina kirefu hapa Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kuzibeba karanga hizo. Karanga hazikuja kwa kiasi cha maana. Ardhi iliwashinda, mvua iliwashinda, mashine zilikufa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kula pauni milioni zipatazo 36. Reli ilikuja kung'olewa. Bandari ndiyo tunayo.

Waziri aliyesimama bungeni London mwaka ule hakuwa na nafasi ya kuwa "rueful", angezomewa. Lakini mzee Mwingereza aliyekuwa fundi kijana wa matrekta, akisimulia miaka arobaini baadaye na kikombe cha chai mkononi, unaweza kumwandikia: "He spoke ruefully of the groundnuts." Muda umepita, mkono wake ulikuwamo, na kituko kinaonekana. Babu wa hapa aliyeng'oa visiki kwa ujira mdogo hawezi kuandikiwa hivyo kwa karanga zile zile, kwa sababu wazo halikuwa lake. Yeye anacheka tu, tena kwa sauti. Neno linamfuata mwenye kosa, na hapo ndipo wengi wanapolitupa ovyo.

Sehemu za kulikwepa: barua ya kuomba kazi, barua ya kuomba radhi ofisini, ujumbe kwa mteja. Ukimwandikia bosi "I am rueful about the delay", atasoma kwamba unaona ucheleweshaji wako unachekesha. Andika "I apologise" au "I am sorry for the delay", umalize. Hata katika mazungumzo ya kawaida Waingereza hawasemi "I am rueful" kama wanavyosema "I am tired". Ni neno la msimuliaji, la mtu anayemtazama mwingine au anayejitazama yeye mwenyewe kwa nyuma. Kwenye insha ya mtihani liweke mara moja tu. Mara mbili msahihishaji anaanza kuona umelikariri, na mimi nilisahihisha miaka mingi, najua jicho linavyobadilika.

Ukitafsiri kuja kwenye Kiswahili, usihangaike kutafuta neno moja. Lugha yetu haina kivumishi cha kazi hiyo na haina haja nacho. "Tabasamu la majuto" linafaa ukiwa na haraka, ila ni zito kidogo, linamfanya mtu aonekane anakwenda kuungama. "Tabasamu chungu" usithubutu, hilo ni la mwenye kinyongo. Mimi huvunja sentensi na kutumia kitendo. "She smiled ruefully" naandika "alitabasamu kwa kujilaumu", au kama hadithi ina nafasi, "alijicheka, akatikisa kichwa". Mahali pengine namwachia mhusika mwenyewe aseme "nimeyataka mwenyewe" na kielezi nakitupa kabisa. Na ile methali ya majuto ni mjukuu, usiibandike hapo. Methali ni ya mtu mzima anayemwambia mtoto. Tabasamu hili ni la mtu anayejiambia.

Jaribu mwenyewe hizi ninazowapa jioni. Baba amefungia funguo ndani ya nyumba dakika moja baada ya kuwafokea watoto kwa uzembe: "rueful", asilimia mia. Mwanafunzi amefeli kwa sababu hakufika mtihani, alilazwa kwa malaria: siyo, mpe "disappointed". Shabiki aliyetabiri mtaani kote kwamba timu yake itashinda tano, ikafungwa tano: "rueful" akiwa peke yake, "sheepish" akipita mbele ya kijiwe. Mzee aliyekunywa uraka, pombe ya mabibo, usiku kucha akaamka kichwa kinagonga: inategemea umri wa ndoa yake.

Ya mwisho waliitunga wenyewe. Niliwaambia kila mmoja aandike sentensi moja, na binti mmoja wa kidato cha tatu kutoka Mikindani akaandika: "The goat looked rueful after eating the soap." Nikamkata. Nikamweleza kwamba mbuzi hana dhamiri, hajui kwamba kosa ni lake, kwa hiyo hawezi kujuta akijicheka.

"Mwalimu," akasema, "wewe hujamwona yule mbuzi."

Nikampa nusu alama.